Dkt. Julian Hubbell, aliyekuwa akitangulia majangani kwa niaba ya Clara Barton: kwa nini hatajwi?

#1 MwanaTanga
Habari za jioni wakuu.

Ni mjitolea wa Msalaba Mwekundu tangu nikiwa sekondari. Kila semina ya huduma ya kwanza niliyohudhuria huanza na majina yale yale: Henry Dunant wa Uswisi, kisha Clara Barton wa Marekani, halafu tunaingia kwenye bandeji. Hivi karibuni nimekaa chini kusoma habari za Barton kwa kina, na kila nikigeuza ukurasa nakutana na mtu anaitwa Julian Hubbell. Sijawahi kumsikia akitajwa hata mara moja.

Kwa wasiomjua: Hubbell alizaliwa 1847, akawa mwalimu katika mji mdogo wa Dansville, jimbo la New York. Barton alifika huko 1876 akiwa mgonjwa, amechoka mwili na akili baada ya vita viwili. Wakafahamiana. Barton akamweleza ndoto yake ya kuanzisha Msalaba Mwekundu Marekani. Hubbell akamuuliza afanye nini ili amsaidie, naye akamwambia akasomee udaktari. Kijana akaacha ualimu, akaenda Chuo Kikuu cha Michigan.

Hapo ndipo niliposimama kusoma kwa muda. Mtu anaacha kazi yake na kuanza masomo upya kwa ajili ya chama ambacho bado hakijazaliwa!

Mei 1881 chama kikaundwa, na Septemba mwaka huo moto mkubwa ukaunguza eneo la Thumb huko Michigan. Hubbell bado ni mwanafunzi, lakini ndiye aliyetumwa kwenda kuona hali na kugawa misaada. Alipohitimu 1883 aliendelea kuwa wakala mkuu wa uwandani, cheo alichokishika mpaka Barton alipojiuzulu 1904. Mafuriko ya mto Ohio 1884, Johnstown 1889, njaa ya Urusi 1892, kimbunga cha Sea Islands 1893, Waarmenia 1896, Cuba 1898. Kote alikuwepo.

Hoja yangu ni kwamba bila huyu mtu, Msalaba Mwekundu wa Marekani wa miaka ile ungebaki kuwa mama mmoja mashuhuri na rundo la barua. Swali: kwa nini amesahaulika kiasi hiki?

#2 Ngosha_Nyamagana
Mkuu umeleta mada nzito Ijumaa usiku, watu wanasubiri mechi. Naweka kambi hapa, nitasoma taratibu.

#3 Mkaguzi
Jibu ni jepesi. Shirika lolote la misaada linaishi kwa michango, na mchango unafuata sura moja inayojulikana. Barton alikuwa na jina tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, magazeti yalimpenda. Ukiandika "Bi. Barton anaelekea Johnstown" pesa zinaingia. Ukiandika "Dkt. Hubbell anaelekea Johnstown" watu watauliza ndiye nani. Nimefanya kazi ofisi za miradi, najua ripoti zinavyoandikwa: aliyekesha na magunia jina lake halifiki kwa mfadhili.

#4 SautiYaPwani
Mada nzuri. Ila huyo mama si ndiye aliyeanzisha Msalaba Mwekundu duniani? Sasa mbona unamweka nyuma ya Dunant?

#5 MwalimuHistoria
#4, hapana ndugu yangu. Chimbuko ni Geneva 1863, kamati ya watu watano, Dunant akiwa mmoja wao baada ya yale aliyoyaona kwenye vita vya Solferino, Italia, 1859. Mkataba wa Geneva ukatiwa saini Agosti 1864. Barton alipokwenda Uswisi kupumzika 1869 ndipo Dkt. Louis Appia, mmoja wa wale watano, alipomfuata kumuuliza mbona Marekani haijajiunga. Hakuwa hata na habari za mkataba huo. Marekani imekuja kuuridhia 1882, wakati wa Rais Chester Arthur.

Nyongeza kwa #1: mchango mkubwa wa Barton ambao ni wake kweli ni kupanua kazi kutoka vitani kwenda kwenye majanga ya wakati wa amani. Mkutano wa Geneva wa 1884 ulilikubali hilo, na wazo likajulikana kama la Wamarekani. Kwa hiyo tusimpunguzie mama wa watu sifa ili kumwongezea Hubbell.

#6 MwanaTanga
#5 shukrani. Simpunguzii hata kidogo. Ila jiulize, wazo la kusaidia wakati wa amani lilithibitishwa wapi? Kwenye majivu ya Michigan na matope ya Ohio. Na kule alitangulia nani?

#7 BintiMakunduchi
Nipo Maryland mwaka wa tisa sasa, na nyumba ya Clara Barton ipo Glen Echo, si mbali na ninapoishi. Ni hifadhi ya taifa, naye ndiko alikofia tarehe 12 Aprili 1912. Nimewahi kuingia na watoto.

Jamani, ile nyumba ukiingia tu unamwona Hubbell, hata kama jina lake hulisikii sana. Yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wake mwaka 1891. Mbao zilitoka Johnstown, kwenye majengo ya muda ambayo Msalaba Mwekundu uliwajengea waliopoteza makazi kwenye mafuriko. Kazi ilipokwisha, badala ya kuzitupa wakazisafirisha na kuzijengea tena. Ndani kuna ukumbi mrefu wa kati, juu yake roshani pande zote mbili, kama uko ndani ya meli ya mtoni. Vyumba vinazidi 30, na kila pembe kuna kabati la ukutani, kwa sababu mwanzoni ilikuwa bohari ya vifaa vya misaada.

Kitu kilichonishika zaidi ni dari. Inua macho: hakuna plasta wala mbao, ni kitambaa cha pamba kimevutwa kikakazwa. Unaona mishono na mahali kilipolegea. Nikawaza hawa watu walikuwa wanabana matumizi mpaka kwenye dari ya nyumba ya rais wa chama, ili kilichobaki kiende kwa wenye shida.

#8 Ngosha_Nyamagana
Nimerudi, mechi sare. #7 hiyo dari ya kitambaa imenifurahisha. Bibi yangu alikuwa na dari ya khanga chumbani kuzuia vumbi la makuti, na wajukuu tulidhani ni urembo.

#9 Kasuku_Mweusi
Hakuna aliyegusa sababu halisi, nayo ni siasa za ndani. 1904 Barton alilazimika kujiuzulu akiwa na miaka 82, baada ya mvutano mrefu na kundi la Mabel Boardman. Walimlalamikia kwamba mahesabu hayakai sawa, anaendesha chama kama mali ya nyumbani, hana bodi ya kweli. 1905 Bunge la Marekani likakipa chama katiba mpya na utawala ukawa mikononi mwa kina Boardman. Sasa fikiria: uongozi mpya unajijengea jina, hautaki hata kumsifu Barton mwenyewe. Msaidizi wake atakumbukwa na nani? Barton alikuwa na jina kubwa, akavuka dhoruba. Hubbell hakuwa na jina la kumvusha.

#10 Mkaguzi
#9 umeongeza kitu, ila hakipingi changu. Kundi la Boardman limekuja baada ya miaka zaidi ya 20 ya magazeti. Ndani ya miaka hiyo yote Hubbell bado hakujulikana.

Na hilo la mahesabu tusilipite haraka. Kama wewe ni wakala mkuu wa uwandani na risiti hazieleweki, nawe una sehemu yako. Nimeona watu wazuri, wachapakazi, wameondolewa kazini kwa daftari baya la stoo.

#11 Fundi_Stoo
#10 hapo umenigusa, acha niseme.

Mwaka fulani wa mafuriko nilikuwa mtunza stoo wa shirika moja (silitaji). Lori linafika usiku, mvua inanyesha, magunia ya unga na mablanketi yameloana, na nje kuna foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni. Fomu inataka jina, kijiji, namba ya kaya, sahihi. Kalamu haiandiki kwenye karatasi iliyolowa. Unachagua: uandike au ugawe? Niligawa. Asubuhi nikajaribu kukumbuka majina, nikaandika niliyoweza. Miezi sita baadaye mkaguzi kutoka mjini, viatu vinang'aa, ananiuliza mablanketi 40 yako wapi.

Aliyeongoza shughuli ile alipewa cheti kwenye sherehe. Sina kinyongo naye, alistahili, alitutafutia malori wakati hakuna mtu mwingine angeyapata. Lakini nikisoma habari za Hubbell ninamwelewa mpaka mifupani. Kazi ya uwandani haiachi karatasi nzuri, na historia inaandikwa kutokana na karatasi.

#12 MwalimuHistoria
#11 nimesoma mara mbili. Pole kwa lililokukuta, na nadhani umetoa sababu iliyo bora kuliko zote mpaka sasa. Barton aliandika bila kuchoka: shajara, barua, ripoti, vitabu. Hubbell aliandika ripoti za uwandani, na nyingi zikachapishwa ndani ya kitabu cha Barton cha historia ya Msalaba Mwekundu. Maneno ni ya Hubbell, jalada ni la Barton.

Mfano wa 1896: Barton akiwa na miaka 74 alikwenda Uturuki kwa ajili ya Waarmenia waliochinjwa na kuchomewa makazi. Yeye alibaki Constantinople kushughulika na serikali ya Sultani na fedha, ilikuwa lazima mtu abaki pale. Misafara ya ndani kabisa ya Anatolia, kwenye baridi na homa ya matumbo na taifasi huko Marash na Zeitun, Hubbell ndiye aliyeisimamia, akiwa na wenzake wachache na madaktari waliojiunga huko huko. Waligawa mbegu, zana za kilimo, ng'ombe wa kulimia, vyuma kwa wahunzi. Leo dunia inasema "Barton aliokoa Waarmenia".

#13 Shangazi_Kariakoo
Wanangu, mimi nina jicho jingine. Mmegundua kwamba hapa mwanamke ndiye mbele na mwanamume ndiye nyuma? Tena karne ya 19, wakati mwanamke Marekani hana hata kura! Mara ngapi imekuwa kinyume na hakuna aliyefungua uzi? Mke wa daktari, dada wa mchungaji, karani wa waziri, wote wamesahaulika na dunia imelala usingizi. Leo mwanamume mmoja kasahaulika, watu wameshtuka.

Simdharau Hubbell. Nasema huenda yeye mwenyewe alijua kwamba akijitokeza mbele kidogo tu, magazeti ya wanaume yatasema chama kinaendeshwa na daktari na huyu mama ni pambo. Akakaa nyuma kwa makusudi ili mama asimame. Hiyo ni heshima ya hali ya juu kwa rafiki, na kijana kumfanyia hivyo mwanamke aliyemzidi miaka 25 na ushei si jambo dogo.

#14 Kasuku_Mweusi
Shangazi shikamoo. Ni maelezo mazuri lakini ni ya kubuni, hakuna mahali Hubbell amesema alikaa nyuma kwa sababu hiyo.

#15 Shangazi_Kariakoo
Marahaba. Na wewe uniletee mahali Boardman amesema anafuta jina la Hubbell.

#16 Ngosha_Nyamagana
😂😂 Kasuku kapigwa na chini. Tuendelee.

#17 Mpenzi_wa_Vitabu
Mimi namleta mwingine aliyesahaulika kuliko Hubbell: Adolphus Solomons. Mfanyabiashara wa vitabu Washington, Myahudi, mtu wa kujitolea kwa kila hospitali ya mji ule. Alikuwa miongoni mwa waliounda chama 1881. 1884 alifuatana na Barton Geneva kama mjumbe wa Marekani, kwenye ule ule mkutano aliousema #5. Kama tunagawa haki, tumpe na yeye.

Halafu kuna Dorence Atwater, askari kijana aliyenakili kwa siri orodha ya wafungwa karibu 13,000 waliokufa katika gereza la Andersonville. Ile kazi ya Barton ya kuyawekea makaburi majina 1865 isingewezekana bila daftari la huyo kijana.

#18 MwanaTanga
#17 asante, Atwater nilikuwa simjui. Tofauti ninayoiona ni muda. Solomons alikuwa na maisha yake na biashara yake. Atwater na Barton walishirikiana kwa jambo moja. Hubbell alitoa zaidi ya miaka 30, hakuwa na zahanati yake wala familia yake, chama kilipokwisha mkononi mwa Barton naye akaondoka pamoja naye. Wakaendelea kuishi Glen Echo mpaka mama alipofariki.

#19 Mzee_Bagamoyo
Wajukuu, mnazungumza marafiki waaminifu waliosahaulika na hamjataja Chuma na Susi, wasaidizi wa mmisionari Livingstone? Livingstone amekufa kijijini kwa Chitambo, Mei 1873. Wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba miezi mingi hadi hapa kwetu Bagamoyo, Februari 1874. Nani angewalaumu kama wangemzika palepale wakarudi makwao? Na wakati wa mazishi Westminster hawakuwepo, walifika Uingereza mambo yamekwisha.

#20 MwalimuHistoria
Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa. Kidogo tu: Jacob Wainwright, mwenzao kwenye msafara ule, alikuwepo Westminster tarehe 18 Aprili 1874, naye alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Chuma na Susi ndio waliochelewa kupelekwa. Na wote ni kundi la watu zaidi ya 60, wakiwemo wanawake, ambao majina yao wengi hatuna.

#21 Mzee_Bagamoyo
Marahaba. Wainwright namjua, ndiye aliyesoma sala na kuandika jina kwenye mti. Nawasemea hao wawili kwa sababu walikaa naye miaka mingi kuliko yeye.

#22 Kivu_Bukavu
Bonsoir ndugu zangu. Huku Bukavu tumezoea kuona magari ya misalaba na misaada, basi mada hii ni yetu pia.

Dunant mwenyewe aliokolewa na rafiki ambaye leo wachache wanamjua. Alifilisika 1867, kamati ya Geneva ikamtoa, akazurura kwa umaskini miaka mingi, mwisho akaishia Heiden, kijiji cha Uswisi, ndani ya chumba cha hospitali. Dunia ilidhani amekufa. Mwalimu mmoja wa Stuttgart, Rudolf Müller, walijuana tangu Müller akiwa mwanafunzi. 1897 Müller akatoa kitabu kuhusu asili ya Msalaba Mwekundu, kikarudisha jina la Dunant mahali pake, na akahangaika kwa barua huku na huku mpaka Dunant akapata nusu ya Nobeli ya Amani ya kwanza, 1901. Nusu nyingine ilikwenda kwa Frédéric Passy.

Na aliyekuwa rais wa kamati hiyo kwa miaka mingi, Gustave Moynier, akawa konseli mkuu wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, huko Uswisi. Sisi Wakongomani hilo hatulisomi kwa wepesi.

#23 Mkaguzi
#22 kumbe. Hiyo ya Moynier inahitaji uzi wake peke yake. Ufungue, nitakuja.

#24 Dada_Lamu
Salamu kwenu. Nimesoma yote, narudi kwa Shangazi #13 maana kuna watu hawajatajwa kabisa hapa.

Sea Islands, South Carolina, Agosti 1893. Kimbunga kiliacha watu takribani 30,000 bila makazi wala chakula, wengi wao Weusi, watu wa Gullah, vizazi vya waliotekwa Afrika. Fedha iliyopatikana ilikuwa takribani dola 30,000, yaani dola moja kwa mtu kwa kazi ya miezi karibu kumi. Sasa niambieni, Barton na Hubbell na wenzao wachache wangewafikiaje wote hao? Wenyeji ndio waliochimba mitaro kutoa maji ya chumvi mashambani, wakatengeneza nyumba, wakapanda mbegu. Wanawake walikaa vikundi wakashona na kurekebisha nguo za mitumba zilizotumwa kutoka kaskazini. Hubbell alisimamia, sawa. Lakini tukimtafuta aliyesahaulika nyuma ya Barton, tusisimame kwa Hubbell kana kwamba ndiye wa mwisho kwenye mstari.

#25 Fundi_Stoo
#24 umenena. Waliosaidia kushusha lile lori langu usiku ule ni walewale waliopoteza nyumba.

#26 Kasuku_Mweusi
Kuna jambo la mwisho la Hubbell ambalo mwanzisha uzi hakuliweka, na kwangu linaeleza mengi. Barton alimwachia Hubbell ile nyumba. Muda si mrefu akatokea mwanamke aliyedai kupokea ujumbe kutoka kwa roho ya Barton, kwamba marehemu anataka nyumba apewe mwanamke huyo. Hubbell akaamini, akasaini akampa. Alipozinduka ikabidi aende mahakamani, na amekuja kurudishiwa 1926. Akafa 1929. Yaani miaka ambayo angeweza kuandika kumbukumbu zake na kupanga nyaraka, aliimaliza kwenye kesi.

#27 BintiMakunduchi
#26 hiyo habari iliniuma sana nilipoisikia. Watu humcheka kwamba alikuwa mjinga. Mimi nimefiwa na mama nikiwa ugenini, na kama mtu angenijia wiki ile akaniambia mama kanituma ujumbe, sijui ningesaini nini.

#28 Mkaguzi
Pole sana dada. Ila tukirudi kwenye sababu, #26 inaonyesha pia tabia. Mtu aliyezoea kufuata neno la Barton maisha yote, hata kaburini alilifuata. Huenda hakuwahi kujiona kama mtu wa kuandikiwa historia.

#29 MwanaTanga
#26 nililijua, sikutaka kuanza nalo kwa sababu watu wangelikumbuka hilo tu na kusahau Michigan, Urusi na Marash.

Nimeongea na mratibu wetu wa mafunzo. Semina ijayo ya wajitolea wapya nimepewa dakika kumi za historia. Nitaanza na Dunant na Barton kama kawaida, kisha Hubbell na Müller, na hiyo habari ya Sea Islands ya #24. Mwenye picha ya Hubbell iliyo wazi naomba aiweke hapa.

#30 BintiMakunduchi
Nitapita Glen Echo Jumamosi nikiwa na nafasi, niwaulize waongozaji wageni wanaruhusu kupiga picha ndani. Unataka ya Hubbell tu au na ya dari?

#31 MwanaTanga
Zote mbili dada, na kabati za ukutani kama zimefunguliwa. Fundi_Stoo atazipenda.